Nani Alikaa Kiti cha Mwisho?

Watu wa safu za nyuma walipiga makofi mahali pasipo na cha kupigia makofi. Ulikuwa mkutano mkuu wa wanahisa wa kampuni moja, katika ukumbi mkubwa hapa Dar es Salaam, viti zaidi ya mia nane, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa nyuma, mkononi nina selotepu nene ya kubandikia nyaya sakafuni. Jukwaani mwenyekiti wa bodi alikuwa amesema kwamba gawio la mwaka huo halitatolewa. Huku nyuma ilifika "litatolewa".

Tofauti ni silabi moja, "ha", na hata hiyo silabi ukiisikiliza vizuri nusu yake ni pumzi. Safu za mbele zilikaa kimya, watu wanatazamana. Za nyuma zinashangilia hasara. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye wakati wa chai aliniambia alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, alikatisha makofi katikati akanigeukia: "Mwanangu, kwani amesemaje?" Nikamwambia. Akaweka mikono mapajani, akasema ahsante. Baadaye walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, nilimwona anaangalia kwanza mikono ya watu wa mbele, ndipo anainua wake.

Aibu ile bado ninayo, na nitaeleza kwa nini ni yangu pia. Ila ninaandika hasa kwa sababu ya kilichotokea Jumatatu iliyofuata. Nilichelewa kipindi cha asubuhi katika ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara, nikapata nafasi safu ya tatu kutoka nyuma. Mhadhiri akasema kitu, waliokaa mbele wakacheka, nasi tukacheka. Mwenzangu akaniuliza kasema nini. Sikujua. Nilikuwa nimekuwa yule mzee, na tofauti yetu ni kwamba mimi nina mtihani mwezi wa saba.

Nina miaka 22, nasoma ualimu. Tangu mwaka wa pili, bumu linapokata (na linakata mapema, mnajua wenyewe), nafanya vibarua kwa watu wanaofunga vyombo kwenye shughuli za makampuni: mikutano ya wanahisa, uzinduzi wa bidhaa, hafla za tuzo, semina za mabenki. Nilianza kwa kubeba maboksi na kukunja nyaya. Kukunja nyaya ni fani, usicheke; ukiukunja vibaya waya unakatika kwa ndani, halafu unakuja kukuumbua siku mgeni rasmi amesimama. Wateja wengine wakiniona nasukuma spika huuliza huyu binti kaja kufanya nini. Fundi mkuu wetu huwajibu, "Huyo Ticha, kaja kukagua." Jina likaganda.

Zamani nilidhani kupanga vyombo ni kujua spika ngapi zinatosha. Kumbe sehemu kubwa ya kazi inafanyika ukumbi ukiwa mtupu, wiki mbili tatu kabla ya shughuli. Tunakwenda kuuona. Fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hajafika hamsini, anatembea na futi ya kupimia na penseli sikioni kama seremala. Anapima urefu, upana, kimo cha dari. Anahesabu nguzo, maana kila nguzo ina watu wake wasioliona jukwaa. Anagonga ukuta kwa vifundo vya vidole kujua kama ni zege au mbao. Anasimama katikati, anapiga kofi moja, anasikiliza linavyokufa. Kwenye zege tupu na vioo, kofi linazunguka kama kuku aliyepotea njia ya bandani.

Kisha anauliza umeme. Kuna fezi tatu au moja? Jenereta linachukua sekunde ngapi kupokea? Mixa za siku hizi ni kompyuta. Umeme ukikatika hata mara moja tu, inazima na kuanza kuwaka upya, na hapo mkurugenzi anabaki anachezesha midomo mbele ya wageni wake. Kwa hiyo mixa na laptopu vinakaa kwenye UPS, na sauti haichangii fezi na taa, kwa sababu taa zikipandishwa na kushushwa spika nazo zinaanza kunguruma. Anauliza nyaya zitapita wapi ili mama aliyevaa viatu virefu asianguke. Anauliza hata kiyoyozi, si kwa ajili ya joto, bali kwa kelele yake.

Vyombo vikishafungwa inakuja sehemu ninayoipenda. Mzee ananiambia, "Ticha, nenda kakae kiti kibaya kuliko vyote." Si kiti chochote cha nyuma. Ni cha pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, chini ya kiyoyozi. Yeye anashika maiki na kusoma gazeti la siku hiyo. Hasemi "cheki, moja, mbili", maana moja mbili kila mtu anaijua na sikio linajijazia lenyewe. Anasoma habari ambayo mimi sijaisoma, nami naandika ninachosikia. Tukimaliza analinganisha karatasi yangu na gazeti.

Mwanzoni niliona ni mchezo. Baada ya mara mbili tatu nikagundua kwamba makosa yangu yanafanana. Ninasikia "bata" kwenye "pata", "gesi" kwenye "kesi", "vua" kwenye "fua", "choma" kwenye "soma". Irabu zinafika zote salama. Zinazokufa njiani ni konsonanti. Irabu zina nguvu nyingi na zinadumu. Konsonanti kama s, f, t, k na h ni fupi, dhaifu, na zinakaa kwenye sauti za juu, ambazo zinafunikwa kirahisi na mwangwi wa irabu iliyotangulia. Na kwa kuwa silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, mtu aliyekaa nyuma anapokea kitu kinachofanana na wimbo wa Kiswahili: unasikia kabisa kwamba ni Kiswahili, unasikia mtu amefurahi au amekasirika, ila habari yenyewe haimo. Angalia tunavyokanusha: anaruhusiwa, haruhusiwi, litatolewa, halitatolewa. Tumeiweka "siyo" yetu mwanzoni kabisa mwa neno, kwenye konsonanti iliyo nyepesi kuliko zote. Kiingereza cha mihadhara ndiyo balaa zaidi, maana maneno yake mengi yanamalizikia kwenye konsonanti.

Dawa ya watu wengi ni kuongeza sauti. Haisaidii. Ukiongeza, mwangwi nao unapanda kwa kiasi kilekile, na ukizidisha maiki inapiga mluzi. Dawa ni kuisogeza spika karibu na sikio. Badala ya spika mbili kubwa mbele zinazopiga kelele hadi mwisho, unaweka nyingine ndogo katikati na nyingine karibu na nyuma, kila moja ikiwahudumia walio karibu nayo kwa sauti ya kawaida.

Ila hapo kuna mtego, na ndipo nilipoanza kuipenda hesabu ambayo sekondari niliikimbia. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde 3. Kwenye waya inafika papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyekaa mita 24 kutoka jukwaani, kando ya spika ya katikati, atasikia spika hiyo kwanza, halafu baada ya milisekunde 70 hivi atasikia neno lilelile likifika kutoka mbele. Mita 51, ni milisekunde 150. Ni kama watu wawili wanakusomea barua moja, mmoja yuko nyuma ya mwenzake kwa silabi. Kwa hiyo kwenye mixa tunaichelewesha spika ya katikati kwa hizo milisekunde 70, na Mzee anaongeza kama kumi za juu. Kumi hizo zina maana. Mjerumani Helmut Haas, katika tasnifu yake ya mwaka 1949, alionyesha kwamba sauti mbili zinazofanana zikipishana kwa muda mfupi sana sikio linaziunganisha, na linaamini sauti imetokea kule ilikoanza kufika. Matokeo yake msikilizaji wa nyuma anahudumiwa na spika iliyo juu ya kichwa chake lakini anaamini anamsikia mtu aliye jukwaani. Hata hajui kama amesaidiwa.

Sasa aibu yangu. Kwenye mkutano ule wa wanahisa, kile kiti nilikikalia. Niliandika, nikapeleka karatasi, Mzee akaisoma akatikisa kichwa. Spika za katikati zilikuwamo kwenye mchoro wake tangu mwanzo, jozi mbili. Mteja alizifuta kwenye bajeti. Aliyetumwa na mteja alisema, bila ubaya wowote, kwamba wageni muhimu wote wanakaa mbele, huko nyuma ni wanahisa wadogo wadogo. Hela ikaenda kwenye taa za rangi na maua ya jukwaani. Maua yalipendeza, siyo siri. Tukaongeza sauti, maiki ikapiga mluzi, tukashusha, tukasema itatosha. Mimi nilikuwa na karatasi inayoonyesha haitatosha. Nililipwa jioni ileile, nikapanda daladala.

Ninachotaka kusema, basi, ni hiki. Swali la nani asikie huamuliwa kabla watu hawajaingia ukumbini, na huamuliwa na mtu aliyeamua, au aliyekataa, kwenda kukaa kiti cha mwisho. Makampuni yanalijua hilo, ndiyo maana yanatulipa. Yanapokosea yanakosea kwa kuchagua. Kwetu chuoni naona jambo baya zaidi: hakuna anayechagua, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa.

Tuseme ukweli kuhusu ule ukumbi. Sakafu vigae, ukuta zege, madirisha vioo. Spika mbili ziko mbele, moja imekaa bubu tangu mwaka wangu wa kwanza. Maiki ni moja, na wahadhiri wanaojipenda wanakuja na betri zao mfukoni. Tukijaa, viti vya plastiki vinaongezwa hadi mlangoni, yaani wanaokuja mwisho wanapangwa mbali zaidi na spika ambayo tayari haiwafikii. Skrini nayo: watu wa fani wana kanuni kwamba anayetakiwa kusoma maandishi asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha skrini. Tulipima. Skrini yetu ina mita 1.8 hivi, kwa hiyo mwisho wake ni mita 11. Safu ya mwisho iko mita 23. Kuna wanafunzi wanasomea shahada kwa kupiga picha skrini ambayo wenyewe hawawezi kuisoma, wakaikuze baadaye hosteli.

Halafu tunaambiwa wanafunzi wa siku hizi hawako makini. Kweli wapo wanaokaa nyuma ili walale, nawajua, mmoja ni rafiki yangu. Lakini jaribu kusikiliza wimbo usio na konsonanti kwa saa mbili uone kama hutalala.

Kuna kisa ambacho laiti kingefundishwa kwenye kozi zetu za mbinu za kufundishia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na jengo jipya, Fogg Museum, na ndani yake ukumbi wa mihadhara ambao haukufaa kitu. Mtu akisema neno moja, lilichukua zaidi ya sekunde tano kuzimika, kwa hiyo kila sentensi ilizama kwenye iliyotangulia. Mkuu wa chuo, Charles Eliot, akamwita mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akamwambia atengeneze. Sabine hakuanza kwa kununua kitu. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake. Alibeba mito ya kukalia kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, akaipanga kidogo kidogo, akipima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na mito hiyo akapata kanuni inayounganisha ukubwa wa ukumbi, vitu vinavyomeza sauti na urefu wa mwangwi. Ilitumika kubuni Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na bado ndiyo wahandisi wanaanzia hapo mpaka leo.

Mnaona? Elimu nzima ya sauti za kumbi, hii inayotupa vibarua kwenye hafla za mabenki, ilianza na darasa ambalo wanafunzi hawasikii. Ilizaliwa kwetu. Sisi ndio tuliiachia ikahamia kwa wenye maua.

Nitajibiwa chuo hakina fedha. Sibishi. Lakini kukaa kiti cha mwisho kunahitaji fedha gani? Kusoma gazeti jukwaani? Kuzungusha spika ambayo sasa imeelekea ukutani? Mapazia mazito kwenye vioo vya upande mmoja ni hela, ila si hela ya kutikisa chuo. Spika ndogo nne za kufunga ukutani katikati ya ukumbi, na kifaa kimoja cha kuzichelewesha, ni gharama inayoweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka mmoja. Sisemi tuletewe skrini za LED na jukwaa la moshi. Na hata hapo nina wasiwasi: tukipewa fedha bila mtu kukaa nyuma, tutanunua spika mbili kubwa zaidi na kuziweka palepale mbele, tuzizindue kwa keki.

Wengine, hasa wenzangu wa ualimu, wanasema mwalimu mzuri anapaza sauti. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipewa darasa la wanafunzi 90, hakuna maiki wala umeme. Wiki ya kwanza nilipaza, Ijumaa nikawa sina sauti. Wiki ya pili nikafanya alichonifundisha Mzee: kabla ya kuanza nilikwenda dawati la mwisho, nikamwomba binti aliyekaa mbele asome aya moja ubaoni, nikasikiliza. Kulikuwa na bati limelegea linagonga kwa upepo, na mimi nilipokuwa mbele nilikuwa silisikii kabisa. Tukalifunga kwa waya. Nikaanza pia kufundisha nikitembea katikati ya madawati. Mwalimu mkuu aliyekuja kunikagua alisema natembea sana. Sawa.

Jumamosi mbili zilizopita, mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio kwenye ule ukumbi, mlinzi akituangalia kama wendawazimu. Mmoja alisoma maneno 20 kwa maiki, ya aina ile, pata, kesi, fua, suka. Mimi na mwingine tulikaa safu ya mwisho, mmoja kila pembe. Mimi niliandika 11 sawasawa. Mwenzangu, upande wa ile spika bubu, aliandika 7. Na ukumbi ulikuwa mtupu. Kweli, ukijaa miili ya watu itameza sehemu ya mwangwi, ila pia watakuwepo wa kukohoa, kusogeza viti na kunong'ona "kasemaje".

Karatasi zetu nimezipeleka kwa waziri wa elimu wa serikali yetu ya wanafunzi, pamoja na ombi moja ambalo nadhani haliwezi kukataliwa kwa sababu ya bajeti: kila muhula, kabla ya wiki ya kwanza ya vipindi, mtu kutoka ofisi ya majengo na mtu kutoka kwetu wakae kiti cha mwisho cha kila ukumbi mkubwa, wasomewe, waandike, na karatasi zibandikwe mlangoni. Zikibandikwa, kila mhadhiri na kila mwanafunzi anayeingia ataziona. Tutajua pia kumbi zipi tuzianze.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunarudi, safari hii kwa kumbi mbili zilizobaki. Futi ya kupimia tunayo. Tuna upungufu wa watu wa kukaa safu za katikati, na msomaji mmoja wa jukwaani, kwani wetu mafua yamembana. Sauti yako ikiwa ndogo, njoo, ndiyo tunayoitaka.